Folda Iliyoitwa Kivaa

Tala, Jumamosi jioni, mwezi wa nane. Huu ni mwaka wa arobaini na tano tangu tulipohama Kivaa.

Mwanangu Mumbua,

Umeondoka hapa kwenda Kangundo kumuaga shangazi yako, wala hukuigusa chai yako. Bado iko mezani, imefanya utando juu. Ukikuta herufi imejirudia mahali, ujue kidole kilikaa kwenye kitufe zaidi ya nilivyotaka. Nilikuwa nimekuandalia maneno ya kuagana, yale ambayo mzazi huyachonga polepole wiki nzima akijifanya anasoma gazeti. Yote yamenitoka mchana huu, tulipomsikia susu wako, mama yangu, akizungumza kutoka ndani ya kompyuta.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala pasipoti ikae mfuko gani, wala chakula cha Ayalandi. Mama yako ameyasema hayo mpaka sanduku lenyewe limeyakariri. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema ukiwa umesimama mlangoni, viatu mkononi: "Baba, ni mimi nilimpeleka Susu Kivaa." Ukavaa viatu nje, ukaenda. Siwezi kukuacha upande ndege kesho ukiwa umebeba neno hilo. Ni zito kuliko sanduku, na tena si mzigo wako.

Niache nilieleze jambo hili tangu mwanzo. Nilikuwa karani wa masjala maisha yangu yote ya kazi, na akili yangu haishiki kitu mpaka kiwe kimepangwa.

Tulikaa kwenye kompyuta kwa kazi ndogo tu. Unaondoka nayo, na mimi nilitaka kunakili kwenye flashi yale maandishi yangu ya habari za Kivaa: nani alikaa wapi kabla ya maji ya bwawa kupanda, kijito gani kilikauka mwezi gani, makaburi yalikuwa upande upi wa zizi. Nimeyaandika tangu nilipostaafu. Nilikuambia yote yamo katika folda iliyoitwa Kivaa, ile uliyoitengeneza wewe. Ukaifikia, ukaweka mshale juu yake, ukaacha kusogea.

"Baba, hizi kazi zako huwa unasave wapi?"

"Hapo hapo. Ndani ya Kivaa."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani namna gani, na mimi nimeandika humo tangu mwaka juzi?"

Ukabonyeza. Kompyuta ikasema huna ruhusa ya kuifungua. Mimi nikacheka, unakumbuka? Nikakuambia usitishike, hayo ndiyo maneno yake, hata mimi huniletea kila ninapomaliza kuandika.

"Na wewe unafanya nini?"

"Inaniuliza kitu, nabonyeza Ndiyo, inanyamaza."

"Inakuuliza nini, Baba?"

"Sijui. Inauliza tu."

Ulinitazama jinsi susu wako alivyokuwa akinitazama nikirudi na mbuzi mmoja pungufu. Ukaniambia nifungue ukurasa mmoja, nijaribu kuuhifadhi mbele yako. Ujumbe ukaja. Ukausoma kwa sauti, neno kwa neno, ukiutafsiri kama vile mimi sijui Kiingereza: huna ruhusa ya kuhifadhi mahali hapa, je, ungependa tukuhifadhie kwenye folda ya kawaida ya hati zako?

"Na wewe unasema ndiyo."

"Nimekuwa nikisema ndiyo."

Mumbua, nilistuka. Pale masjala sikumruhusu mtu yeyote, hata awe na cheo kirefu namna gani, atie sahihi asichokisoma. Niliwasimamisha mabwana wakubwa dirishani kama watoto wa shule. Vijana waliokuja kufanya kazi chini yangu niliwaambia kila mara kwamba faili lililoungua si hasara kubwa, kwa sababu unajua limeungua. Ogopa faili lililowekwa rafu isiyo yake, kwa sababu utaendelea kuamini unalo. Kumbe mimi mwenyewe, kwa miaka miwili, nilikuwa nikiamini kurasa zangu ziko Kivaa, na hakuna hata moja iliyofika.

Tulizikuta zote kwenye hati za kawaida, zimerundikana. Ukaanza kuyasoma majina niliyozipa: Kivaa. Kivaa mpya. Kivaa mpya kabisa. Kivaa hii ndiyo. Kivaa hii ndiyo kweli. Ulicheka mpaka ukalaza kichwa mezani, na mama yako akauliza kutoka chumbani kuna nini, ukamjibu, "Mama, Baba amehamia Kivaa mara tano na hajatoka kwa kiti!" Laiti tungeishia hapo. Ningekuwa sasa nakuandikia ile barua niliyoichonga.

Lakini kurasa zangu zilipokuwa zimekwisha kuingia kwenye flashi, nikasema, "Sasa hebu tufungue hiyo folda yenyewe, tuone ndani kuna nini." Kicheko chako kikakatika. Ukaondoa mkono kwenye kompyuta, ukauficha chini ya meza.

"Baba, kuna kitu cha Susu."

Uliyonieleza nayaandika hapa ili ujue niliyasikia sawasawa, maana ulikuwa ukilia na huenda ukafikiri sikuelewa. Mwaka juzi, kabla ya mvua za vuli, susu wako alikuomba uwashe simu yako irekodi, uiache kitandani kwake, uende kuchota maji. Ukashangaa, maana tangi lilikuwa limejaa. Akakuambia uende tu kwa jirani, huko ndiko kwenye maji matamu. Uliporudi akakurudishia simu akisema, "Hii ni ya baba yako. Mpe nikishakufa. Na wewe usiisikilize, si chakula chako." Wewe ukaihamishia kwenye kompyuta, ndani ya folda ya Kivaa, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya nyumba nzima, ukaifunga folda ili asiifungue mtu mwingine ila wewe. Baadaye simu ikaibwa Machakos mjini. Baadaye tena kompyuta ikagoma kuwaka, na Kyalo, yule fundi wa pale karibu na soko, akaifuta akaiwekea mfumo mpya. Vilivyokuwa upande wa pili wa diski hakuvigusa. Alikutengenezea nafasi yako upya, akaandika jina lako lilelile, Mumbua.

Susu akafa. Wiki ya matanga ulikaa na kompyuta ukaenda kuifungua folda uniletee sauti yake, na mashine ikakuambia huna ruhusa. Ukajaribu tena na tena. Mimi nilikuwa nje na wazee, napanga safari ya kumpeleka Kivaa. Uliogopa kuniambia kwamba kuna neno la mama yangu na umelipoteza. Ukanyamaza siku ile, na kila siku iliyofuata ikaufanya mdomo kuwa mzito zaidi.

Ndivyo ulivyosema. Nilisikia kila neno.

Halafu ukapiga simu kwa Kyalo, ukaiweka juu ya meza tusikie wote.

"Mzee! Sasa?" akasema. "Nasikia msichana anatuacha."

Nikamweleza. Akaniambia niingie kwa jina langu mimi, si kwa lako, kwa sababu siku ile alipoitengeneza alinipa mimi mamlaka yote. "Si wewe ndiye mzee wa nyumba? Nilikuweka wewe ndiye mkubwa. Huyo msichana ni user wa kawaida tu." Akatuelekeza: bonyeza folda kwa upande wa kulia wa kipanya, nenda kwenye sifa zake, halafu usalama, halafu tazama palipoandikwa mmiliki. Tukatazama. Nilitarajia jina lako. Palikuwa na msururu wa tarakimu na vistari, mrefu kama nambari ya kitu kilichopotelea bandarini.

"Kyalo, hapa hakuna mtu. Kuna nambari."

"Ndiyo huyo mwenyewe, mzee. Huyo alikufa."

"Nani amekufa?"

"Account, mzee! Account ya zamani! Si mtu. Tulipopiga Windows mpya, yule Mumbua wa kwanza alikwisha. Huyu wa sasa ni mwingine."

Wewe ukainama kwenye simu. "Lakini Kyalo, si jina ni lile lile?"

"Jina haijali. Kompyuta haisomi jina. Kila mtu iko na nambari yake. Mtu akienda, akuje mwingine aitwe hivyo hivyo, kwa kompyuta huyo ni mgeni."

Sijui kama uliona nilivyoketi. Kwetu, jina ndilo mtu. Ulipozaliwa na nikakupa jina la mama yangu, sikuwa nikikumbuka tu, nilikuwa nikimpokea. Tangu siku hiyo nakuita *mwaitu*, mama yangu, na hata ulipokuwa ukitambaa, susu wako alikuita "mimi". Unakumbuka alivyokuwa akisema, "Mpeni mimi uji"? Sisi hatuoni ajabu. Fundi yeyote wa Ukambani angefanya alivyofanya Kyalo: aandike jina lilelile, aone amerudisha kila kitu. Na wewe ungeamini, na mimi ningeamini. Ila mashine hiyo haikulelewa huku. Ilimwona Mumbua aliyeondoka na Mumbua aliyepo, ikasema hawa ni watu wawili, na huyu wa pili hana ruhusa ya vitu vya yule wa kwanza.

Nitarudi kwenye neno hilo. Kwanza nimalizie.

Kyalo akasema nichukue umiliki. Nikamuuliza yule wa zamani atakwenda wapi. "Mzee, ameshaenda. Bonyeza tu." Nikabonyeza, folda ikafunguka, na ndani faili lilikuwa moja tu, ukaligusa, na lenyewe likakataa. Tulikuwa tumepewa mlango wa nje, chumba bado kimefungwa. "Kuna kisanduku hapo chini," akasema Kyalo, "kinasema ubadilishe mpaka vya ndani. Weka tiki hapo. Halafu ujipe ruhusa yote." Safari hii nilisoma. Mumbua, nilisoma kila neno la ujumbe ule mara mbili, kwa miwani, ndipo nikasema ndiyo.

Kyalo akasema, "Haya, mzee, furahia," akakata. Maskini, hakujua.

Faili lilipofunguka na sauti ya susu ikatoka, wewe ulisikia pamoja nami, lakini ulikuwa umefunika uso, na sauti ilikuwa na upepo mwingi. Nimeisikiliza tena peke yangu baada ya wewe kutoka. Nayaandika kwa Kiswahili aliyoyasema kwa Kikamba, usiwe na shaka baadaye kuhusu hata moja:

"Kilonzo. We Kilonzo. Hiki kitu kinasikia? Nimemtuma mtoto mbali, asije akacheka. Sikiliza. Kila siku unaimba Kivaa, Kivaa, na mimi nanyamaza kwa sababu nakuona unapendeza ukiimba. Lakini jana nilikusikia ukiwaambia watu kwamba nikifa utanipeleka huko. Nani amekutuma? Kule nilibeba maji mgongoni mpaka kamba ikanichimba kichwa. Ukipapasa hapa, bonde bado lipo. Kule nilizika watoto wawili kabla yako. Siku maji yalipofunika lile shamba la chini nilicheka. Niligeuka nyuma baba yako asinione. Nikauambia mto, sasa umekuja mwenyewe, mimi sikufuati tena. Hapa Tala maji yanashuka kutoka kwenye mabati yananikuta nimekaa. Nizike hapa, nyuma ya jiko, pale kuku wanapooga vumbi, nisikie watu wakienda sokoni. Usinirudishe. Umesikia? Na mke wako asinivalishe ile nguo ya kijani. Inanikaba."

Halafu mlio wa ndoo ikitua chini, na yeye akisema, "Huyo amerudi. Nyamaza sasa, wewe kitu." Basi.

Tulimzika Kivaa, mwanangu. Katika nguo ya kijani.

Ulipoinuka na kwenda mlangoni, ulikuwa umekwisha kujihukumu: ungeniambia wiki ile, tungempigia Kyalo, tungesikia, susu angelala hapa. Hesabu yako ni sahihi, lakini umeianzia mwishoni. Nami nataka uianzie mwanzoni, na mwanzoni humo wewe hukuwepo.

Katika sura ya kwanza ya maandishi yangu, zile kurasa zilizohamia mara tano, nimeandika hivi kuhusu siku ya maji: *Mama alisimama juu ya kilima, ametugeuzia mgongo, mabega yakimtikisika, akililia shamba lake.* Nilikuwa kijana tayari, ndevu zimeanza. Nilimwona kwa macho yangu. Nilichokiona ni mabega. Machozi nilijazia mwenyewe, na tangu siku hiyo nikayachukua kuwa ni yake. Tukahamia Kithimani, kisha hapa Tala, nikapata kazi, nikaoa, na kila mtu aliponiuliza mbona sijengi nyumba ya kudumu, nilimjibu kwamba mama anataka kurudi. Lile shamba la juu maji hayakulifikia, binamu yangu bado analilima. Njia ya kurudi ilikuwepo siku zote. Nikasema mama akipata nguvu. Nikasema mama hali vizuri kwa sababu ya Kivaa. Alipokataa samaki niliandika kwamba anawakumbuka samaki wa mto wetu. Labda hakupenda samaki.

Miaka yote hiyo alikuwa ameketi pale, kiti kile chenye mguu uliofungwa waya, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono nikamgusa goti. Sikumuuliza hata siku moja, "Mwaitu, unataka kurudi?"

Baada ya wewe kutoka, nilimwendea mama yako chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, sweta zako mapajani. Alikuwa amesikia yote kupitia ukutani.

"Kamene," nikasema, "umesikia?"

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kila ukianza Kivaa, mama alikuwa anatafuta fimbo yake anaenda nje. Ulifikiri anaenda kuona nini? Kuku?"

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Uliniuliza?"

Nikasimama pale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akasema, akikunja sweta, "Hiyo nguo ya kijani niliichagua mimi. Nilifikiri inampendeza." Akaanza kulia, nami nikaketi kando yake, nikazipokea zile sweta.

Sasa tazama jambo hili jinsi lilivyo, uache machozi kidogo. Ile folda ilikukatalia wewe, ni kweli. Lakini wewe hukuwa na uwezo wa kuifungua hata ungejaribu mpaka leo. Kyalo alikuwa amekuweka mtumiaji wa kawaida. Mwenye mamlaka nilikuwa mimi. Ufunguo ulikuwa kwangu miaka miwili, na kila nilipogusa mlango ule, kompyuta iliniambia wazi kwamba hapa pamefungwa, tena kwa maandishi, tena kwa heshima, ikiniuliza nataka kufanya nini. Kama ningesoma mara moja tu, hata ile wiki ya kwanza, ningeuliza nani amefunga, na wewe ungesema, na susu wako alikuwa bado hai, amekaa kwenye kiti chake. Tungeisikiliza mbele yake. Angetukana kidogo, halafu angeomba chai.

Na hata kama folda ingefunguka wiki ile ya matanga, mimi najijua. Wazee walikuwa wamekwisha kufika. Gari lilikuwa limepatikana. Watu walikuwa wakinisifu: mwana huyu anamrudisha mama yake nyumbani. Sijui kama ningeisikiliza sauti yake. Ningependa kukuambia ndiyo bila kusita, lakini leo neno hilo nimeliogopa.

Kwa hiyo hukumpeleka wewe. Nilimpeleka mimi, na nilianza kumpeleka siku ile niliyoyaona mabega. Ulichokifanya wewe ni kunyamaza kwa hofu ukiwa binti tu mbele ya baba aliyekuwa na hakika. Kwa hilo sina la kukusamehe. Nakuomba wewe unisamehe mimi kwa kuwa baba ambaye bintiye aliogopa kumwambia kitu kimepotea.

Nilisema nitarudi kwenye lile neno la Kyalo.

Krismasi iliyopita, tulipokuwa tukila, nilikuambia, "Mwaitu, ukishatulia huko Ulaya utakuja kujenga Kivaa, sivyo?" Ukasema ndiyo. Nikafurahi sana, nikawasimulia watu kanisani. Leo nakumbuka uso wako ulivyokuwa. Ulisema ndiyo kama nilivyokuwa nikiiambia kompyuta: jambo limeulizwa tena, mtu anataka kuendelea na kazi yake, ndiyo, ndiyo, linyamaze. Wala sikukuuliza wewe. Nilimwita mama yangu, nikamuuliza mama yangu, na wewe ukalazimika kujibu kwa ajili yake. Na sasa tunajua yeye mwenyewe angejibu nini.

Nimekuwa nikiwaunganisha ninyi wawili tangu ulipozaliwa, na kwa upendo wala sijutii jina. Litunze. Lakini mchana huu kitu kisicho na ukoo wala desturi kimenionyesha kwamba Mumbua wa kwanza alikuwa na vyake, alivifunga mwenyewe, na alikuwa na haki ya kuvifunga. Na Mumbua wa pili hakuachiwa kuvilinda wala kuvilipia. Una vyako. Nenda ukaviweke mahali unapopataka wewe. Ukipenda kurudi Tala, rudi. Ukipenda kujenga Kivaa siku moja kwa sababu umeiona na ukaipenda, jenga. Lakini ile Ndiyo ya Krismasi nakurudishia. Sikuwa na ruhusa ya kuipokea.

Ukifika huko utafanya kazi na wagonjwa wazee. Wengine hawataongea. Jamaa zao watakuambia, huyu anapenda hivi, huyu hataki vile, na watasema kwa hakika kama mimi. Wasikilize, kisha uiname, umuulize mwenyewe. Hata kama hajibu. Sina mawaidha mengine ya kukupa leo.

Mama yako ameuliza sasa hivi kama tumhamishe susu. Nimewaza, nimekataa. Amehamishwa vya kutosha, na kila mara na watu waliodhani wanajua kuliko yeye. Nitakwenda kumwona msimu huu wa kiangazi, nikae kando yake, nimwambie nimesikia, nimechelewa. Nitang'oa magugu. Jioni nitapanda gari nije kulala hapa.

Barua hii nimeiandika kwenye kompyuta hiihii unayoondoka nayo. Nikiimaliza nitaihifadhi ndani ya folda iliyoitwa Kivaa, kando ya sauti yake. Nimekwisha kukuandikia jina lako kwenye ruhusa zake, hilo la sasa, na nimekupa zote: kusoma, kubadilisha, hata kufuta. Nilijaribu kuhifadhi ukurasa wa kwanza nione. Haikuniuliza kitu.

Ile sura ya kwanza nitaiandika upya. *Mama alisimama juu ya kilima, ametugeuzia mgongo, akicheka.*

Na ile nafasi aliyoichagua, nyuma ya jiko, pale kuku wanapooga vumbi, bado iko wazi. Nimetoka nje kuitazama kabla jua halijazama. Unasikia kweli watu wakitoka sokoni. Nimemwambia mama yako kwamba nikifa nitalala pale mimi, na safari hii nimemuuliza anaonaje. Amesema ni pazuri, nisimchagulie yeye. Sitarudi kukaa Kivaa.

Baba yako,
Kilonzo